Kutoka Sukuti Hadi Kidole Gumba: Historia Fupi ya Besi Katika Kwaya Yetu



Kamati ya jubilei ilipogawa kazi za kijitabu hiki, ofisi ya katibu ilipewa kuandika historia ya vyombo vyetu vya muziki. Tulidhani itakuwa kazi ya nusu ukurasa: chombo gani kilinunuliwa lini, na pesa zilipatikana vipi. Lakini tulipofungua madaftari ya kumbukumbu za mikutano ya miaka hii 25, tuliona kwamba kinanda kimetajwa mara chache, dramu mara chache, bali gitaa la besi limetajwa karibu kila mwaka, na mara nyingi si kwa sifa. Chombo hicho kiliwahi kutugawanya. Ndiyo maana tumeamua kuandika historia yake jinsi ilivyokuwa, pamoja na mahali tulipokosea, kwa sababu jubilei isiyo na ukweli ni keki na nyama tu.

Kabla ya gitaa

Wengi wetu ni watoto na wajukuu wa watu waliohamia Trans Nzoia kutoka Bungoma na Kakamega kutafuta mashamba baada ya uhuru. Walikuja na mbegu, majembe na nyimbo. Kwa hiyo kwaya ilipoanza, haikuwa na chombo hata kimoja cha umeme, na hakuna aliyeona upungufu. Tulikuwa na sauti nne, kayamba mbili na sukuti.

Vijana wengine husema sukuti ni ngoma tu. Hapana. Isukuti ya ndugu zetu Waisukha na Waidakho wa Kakamega hupigwa kwa seti ya ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na kila moja ina kazi yake. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika unaohitaji kulindwa haraka. Sisi tuliokulia kwenye matanga na harusi za huku magharibi hatukungoja UNESCO ituambie thamani yake. Tulijua kwamba sukuti ikilia, hata mwenye magoti mabovu husimama.

Na tusiseme kwamba nyuzi nazo zililetwa kwetu juzi. Wabukusu wana litungu, kinubi ambacho mara nyingi huwa na nyuzi saba. Wana siiriri, ambayo hulia kwa uzi na upinde mdogo. Gitaa kavu lilipofika vijijini, watu wa magharibi walilipokea kama jamaa wa litungu. George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963, aliupa umaarufu mtindo wa omutibo: kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene za chini, kidole cha shahada kinaimba kwenye nyuzi nyembamba, na mwenzake kando anagonga chupa ya soda kushika mwendo. Ng'ambo ya mpaka, Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kule Katanga, alikuwa akifanya kazi kama hiyo kwa vidole viwili tu. Tukumbuke jambo hilo, maana litarudi mbele: huku kwetu kidole gumba kilikuwa mpiga besi kabla gitaa la besi halijafika.

Gitaa lilivyokuja

Gitaa la besi la umeme si chombo cha zamani sana. Leo Fender wa California alianza kuuza lake mwaka 1951. Kabla ya hapo mpiga besi alibeba fidla kubwa iliyomzidi kimo, isiyo na alama za kumwonyesha noti iko wapi. Fender aliweka freti, vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo ya gitaa, ili noti ipatikane kwa usahihi, na kwa sababu hiyo akaliita Precision. Nyuzi ni nne, kutoka nene hadi nyembamba: E, A, D na G.

Letu lilinunuliwa kwa mahindi. Madaftari yanaonyesha kwamba baada ya mavuno kila mwanakwaya alileta gorogoro kwa gorogoro hadi magunia yakatosha, yakauzwa, na pesa zikapelekwa Nairobi na wajumbe wawili. Walirudi na gitaa lililokwisha kutumika, amplifaya moja, na dramu ambazo ngozi yake moja ilikuwa imepasuka. Walisafiri usiku kucha, gitaa likiwa mapajani kama mtoto. Jumapili iliyofuata liliwekwa mbele ya madhabahu likaombewa.

Siku hiyohiyo sukuti zilipelekwa stoo. Hakuna mkutano uliopitisha azimio hilo. Tumetafuta katika daftari na hatukuona. Ziliondolewa tu, kwa sababu tulikuwa na dramu sasa, na tuliona haya kidogo kuonekana na vitu viwili. Hilo ndilo kosa letu la kwanza katika historia hii.

Mpiga dramu alipoondoka

Kwa miaka kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Mpiga besi alikuwa kijana wa darasa la teno, mtulivu, aliyepiga noti za chini polepole kwa vidole viwili. Watu hawakumwona, na besi nzuri ndivyo inavyotakiwa: iwe kama msingi wa nyumba, ambao hakuna mgeni anayeusifu.

Kisha mpiga dramu akapata kazi mbali. Tulimfanyia maombi, tukamchangia nauli, akaondoka. Jumapili iliyofuata dramu zilikaa kimya, na nyimbo za kusifu zikaanza kuburuta miguu. Wazee waliojua sukuti walikuwa wameacha kuzipiga, na vijana hatukuwa tumewafundisha. Mpiga besi wetu akaona kwamba pengo lile linamwangukia yeye.

Hapa tuwapeleke Marekani kidogo, kwa maana jambo lililotupata lilishampata mtu mwingine. Larry Graham alizaliwa Texas mwaka 1946 akakulia Oakland, California. Alikuwa akipiga muziki pamoja na mama yake, Dell Graham, aliyekuwa mwimbaji na mpiga piano. Kijana alipiga gitaa la kawaida huku miguu yake ikikanyaga besi kwenye pedali za kinanda. Kinanda kikaharibika, akakodi gitaa la besi. Baadaye wakabaki bila mpiga dramu, mama na mwana peke yao. Graham akaanza kuchapa nyuzi nene kwa kidole gumba ili zilie kama dramu kubwa ya miguuni, na kudonoa nyuzi nyembamba kwa kidole kingine ili zilie kama dramu ndogo ya mkononi. Hakuwa akitafuta madoido, alikuwa akimsaidia mama yake kuimba. Baadaye alijiunga na Sly and the Family Stone, na mtindo huo ukasambaa duniani. Waliomfuata, kama Louis Johnson, Marcus Miller na Victor Wooten, waliuongezea mengi.

Mtindo huo wapigaji huuita slapu. Kuchapa nyuzi peke yake kulikuwapo hata kabla ya umeme, maana wapiga fidla kubwa wa New Orleans walizichapa tangu mwanzoni mwa karne ya 20 ili wasikike katikati ya tarumbeta. Lakini kuchapa na kudonoa kwa zamu, mkono mmoja ukifanya kazi ya ngoma mbili, kwenye gitaa la umeme, ndiko kulikotufikia sisi kwa jina la slapu.

Kijana wetu aliuona kwenye video ndani ya simu. Alifurahi sana. Alikuja mazoezini akasema amepata dawa ya dramu.

Mwaka wa kelele

Tuseme ukweli: ilikuwa kelele. Kijana alikuwa na bidii lakini hakuwa na mwalimu. Alichapa kwa mkono mzima kama mtu anayefukuza nyoka. Kidole gumba kilitoa malengelenge, akafunga plasta, akaendelea. Uzi wa G ulikatika mara tatu katika miezi miwili, na uzi wa besi si bei ya mchezo. Kanisa letu lina paa la mabati, na kila mdonoo ulipanda juu, ukagonga mabati, ukarudi umekuwa miwili. Mtu aliyeketi benchi la nyuma alisikia mlio tu, maneno ya wimbo hakuyasikia. Mtume Paulo, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho sura ya 14, alishauliza nani atajitayarisha kwa vita ikiwa sauti ya tarumbeta haieleweki. Sisi tulikuwa tumesoma sura hiyo mara nyingi.

Kulikuwa na mama mmoja katika alto, mmoja wa wale walioanzisha kwaya. Vijana wote walimwita kukhu. Yeye ndiye aliyekuwa akiwashikia wenzake noti ya kuanzia, kwa sababu sikio lake halikukosea. Jumamosi moja mazoezini aliinua mkono akasema hawezi tena kuisikia noti ya alto, besi inaifunika. Alisema kwa heshima. Mmoja wetu akajibu kwamba nyakati zimebadilika na wazee waachie vijana nafasi. Na wengine wetu, wakiwamo waliokaa meza ya kamati, tukacheka.

Mama hakusema neno. Alivua joho lake, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, akatoka.

Katika rejista ya mahudhurio jina lake limeandikwa "hayupo" wiki 14 mfululizo. Wiki ya 15 limepigwa mstari. Wino ule upo hadi leo, na ni mkono wa ofisi hii ulioupiga. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kwake kumuuliza ana nini.

Miezi michache baadaye malalamiko ya washirika yalifika kwa wazee wa kanisa. Wapo waliosema slapu ni mtindo wa kilabu na hauna mahali madhabahuni. Wapo waliosema Zaburi ya 150 inataja nyuzi na matoazi yavumayo, kwa hiyo waacheni vijana. Mkutano ulichukua saa tatu. Mwishowe gitaa lilifungiwa kabatini, na ufunguo akapewa mwekahazina. Kijana alilia nje, karibu na tangi la maji. Alisema alichotaka ni kujaza pengo.

Jumamosi za Bungoma

Mchungaji ndiye aliyetafuta njia. Alimjua mzee mmoja wa Bungoma, fundi wa redio na amplifaya, aliyepiga besi kanisani kwake kwa miaka mingi na bado anapiga. Alimwomba amchukue kijana. Basi likizo nzima ya Agosti kijana alipanda matatu alfajiri ya Jumamosi, akapita Kiminini, akapita Kamukuywa, akateremka Chwele hadi Bungoma, na ofisi ya katibu ikamsindikiza mara mbili kama mashahidi. Ulikuwa mwaka wa tohara, na njia nzima tulipishana na wavulana waliojipaka, wakipiga chinyimba mikononi, jamaa wakiwafuata kwa nyimbo. Tunakumbuka kijana akichungulia dirishani akasema, "Hawa hawakosei hata wakikimbia."

Siku ya kwanza mzee hakumruhusu kuwasha amplifaya. Alimwambia, "Kijana wangu, ukipiga vibaya kwa umeme, unawapigia vibaya watu mia. Pigia kwanza mimi peke yangu."

Tuliandika aliyomfundisha, kwa sababu mmoja wetu ni mwalimu na hawezi kusikia somo bila kuchukua kalamu. Tunayaweka hapa kwa ajili ya wanaojifunza sasa.

Kwanza, kidole gumba. Usichape kwa bega wala kwa mkono mzima. Zungusha mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, kama unavyozungusha ufunguo mlangoni. Upande wa mfupa wa kidole gumba, karibu na kiungo, ndio unaogusa uzi, pale shingo ya gitaa inapoishia. Ukishagusa, ondoka mara moja. Kidole kikibaki juu ya uzi, umeuziba mdomo. Mzee alisema gusa kama unavyogusa sufuria kujua kama ni ya moto.

Pili, kudonoa. Kidole cha shahada kiingie chini ya uzi kwa ncha tu, kivute kidogo, kiachie. Uzi hujigonga kwenye freti wenyewe. Ukiingiza kidole kizima utavuta kwa nguvu, uzi utatoka kwenye sauti yake au utakatika. Nyuzi zetu tatu zilikufa kifo hicho.

Tatu, mkono wa kushoto. Hili ndilo lililomshangaza kijana. Mzee alimwambia kwamba slapu ni kazi ya mkono wa kushoto zaidi ya wa kulia. Vidole vya kushoto visivyobonyeza noti ni lazima vilale juu ya nyuzi nyingine na kuzinyamazisha, la sivyo kila uzi unalia bila kuitwa. Na noti yenyewe ukiinua kidole kidogo tu, bila kukiondoa, inakatika papo hapo. Noti fupi ndiyo inayoacha nafasi ya maneno.

Nne, noti zisizo na sauti. Ukinyamazisha nyuzi zote kwa mkono wa kushoto na kuchapa kwa mkono wa kulia, unapata mlio mkavu wa ngoma usio na noti. Huo ndio uliokuwa ukitafutwa tangu mwanzo: unatoa mwendo bila kuingilia sauti za waimbaji.

Tano, njia rahisi ya kuanzia. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya tatu, utapata G. Bonyeza uzi wa D kwenye freti ya tano, utapata G ileile ya juu. Chapa ile ya chini kwenye hesabu ya moja na ya tatu, donoa ile ya juu kwenye ya pili na ya nne, pale kanisa linapopiga makofi. Weka metronomu kwenye mapigo 60 kwa dakika. Ukiweza dakika tano bila kosa, ongeza mapigo manne. Ukikosea, rudi nyuma manne. Kijana wetu alikaa kwenye 60 kwa wiki mbili, na alituambia kwamba polepole ni kugumu kuliko haraka, kwa sababu polepole hakuna mahali pa kujificha.

Sita, mwili. Mkanda wa gitaa usiwe mrefu hadi gitaa liko magotini. Kifundo cha mkono kitapinda na kuuma. Lengelenge likitoka, pumzika lipone. Kifundo kikiuma, acha siku hiyo. Bidii si kuumia.

Swali la mzee

Jumamosi ya tano kijana alikuwa ameanza kupendeza. Hata majirani wa fundi walisimama mlangoni. Alipomaliza, mzee hakumsifu. Alimuuliza, "Kwenu alto inashikwa na nani?"

Kijana akasema ilishikwa na kukhu mmoja, lakini alishaondoka.

"Aliondoka kwa nini?"

Kijana akanyamaza. Nasi tuliokuwa tumekaa kwenye benchi la wateja tukanyamaza.

Mzee akasema, "Umejifunza mkono. Sasa kajifunze wimbo. Wiki ijayo uje ukiwa unajua kuimba sauti zote nne, hata alto. Usipojua wanavuta pumzi wapi, utajuaje pa kupiga?"

Katika matatu ya kurudi Kitale hatukuzungumza mengi. Tulipofika Kiminini kijana alisema, "Alto siijui. Ni yeye tu anayeweza kunifundisha."

Jumapili jioni tulikwenda, mwenyekiti, katibu na kijana. Tulibeba sukari, mkate na lile gitaa, ambalo mwekahazina alilitoa kabatini kwa mara ya kwanza. Mama alitukaribisha kama wageni wowote, akachemsha chai. Kijana akamweleza kilichomleta. Mama akamwambia, "Piga nisikie, mjukuu wangu." Akapiga bila amplifaya, taratibu, na mama akaanza kuimba alto akiwa ameketi, kikombe mkononi. Mara ya pili alimsimamisha: "Hapa. Hapa tunavuta pumzi. Ukitaka kupiga ngoma yako, ipige hapa." Akamwonyesha mahali pengine, na pengine. Kabla chai haijapoa, wimbo ulikuwa umepata mwendo, na kila neno lilisikika.

Ndipo mwenyekiti akaomba msamaha kwa niaba ya kwaya kwa kelele za gitaa. Mama alimtazama kwa muda, akasema, "Mimi sikuondoka kwa sababu ya gitaa. Niliondoka kwa sababu mlicheka. Na nilikaa hapa nikingoja mmoja wenu aje aniulize."

Tulikuwa tumebishana saa tatu juu ya slapu, kama ni takatifu au si takatifu. Hakuna aliyekuwa amegusa jambo lenyewe.

Jinsi tulivyo leo

Gitaa lilirudi kanisani kwa masharti matatu, ambayo yameandikwa na bado yanatumika. La kwanza, amplifaya hupimwa kwa sikio la benchi la nyuma, si la aliyeshika gitaa. La pili, slapu haipigwi katika ubeti wa kwanza wa wimbo wowote. Kwanza kanisa lisikie maneno. La tatu, anayetaka kupiga chombo ni lazima aimbe mwaka mmoja katika sauti mojawapo.

Sukuti zilitolewa stoo. Panya walikuwa wamekula ngozi ya moja, ikawambwa upya. Tulipoziweka pamoja na besi tuligundua kitu ambacho tungekijua zamani kama tungeuliza: kuchapa kwa kidole gumba kunakaa vizuri chini ya ngoma kubwa, na kudonoa kunajibizana na ndogo. Mzee wa Bungoma alipokuja kututembelea alicheka akasema, "Hawa ni ndugu waliopotezana." Wajukuu wa omutibo walikuwa wamekwenda kuutafuta ng'ambo ustadi wa kidole gumba, na hata huko tulifundishwa kitu kimoja: kwamba kinaanza pale mtu anapomsikiliza anayeimba.

Kijana yule sasa ni baba wa watoto wawili na ndiye mwalimu wa vyombo. Ana wanafunzi wanne, wawili kati yao wasichana, na mmoja wao ana mkono wa kushoto unaonyamazisha nyuzi kuliko wa mwalimu wake. Mwenyewe amekiri. Kila mwanafunzi hupitia Jumamosi ya Bungoma, angalau mara moja.

Kukhu hakurudi kwenye mstari wa alto, maana magoti yake hayamruhusu kusimama ibada nzima. Anaketi benchi la tatu upande wa dirisha, na mazoezi yakiwa magumu tunampelekea wimbo nyumbani. Tumeandika habari hii kwa idhini yake. Tulimsomea yote, na mahali pa kicheko tulimuuliza kama tupaondoe. Alisema tupaache, ili watakaosherehekea miaka 50 wapasome.

Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, kinafundisha kwamba katika mwaka wa jubilei mtu hurudi kwenye milki yake na kwa jamaa zake. Kwa hiyo sherehe hii haiwezi kuwa ya kuhesabu miaka tu. Ni ya kurudishiana. Ofisi ya katibu imefungua rejista mpya ya jubilei, na jina la kwanza katika orodha ya alto ni la mama yule, bila mstari juu yake. Kama wewe uliwahi kuimba nasi ukaondoka, na hakuna aliyekuja kukuuliza, tafadhali pitia mezani kwetu leo baada ya ibada. Chai ipo, na tunataka kukuuliza.

Katika wimbo wa nne wa mchana huu mtasikia sukuti, besi na sauti nne. Ubeti wa kwanza besi itatembea kimya kimya. Kuanzia ubeti wa pili, sikilizeni pale waimbaji wanapovuta pumzi.

Mungu awabariki nyote, na karibuni sana.

Ni sisi katika utumishi,
Ofisi ya Katibu wa Kwaya